Kampeni, ubalozi, jina kwenye bidhaa au hisa: mkataba upi na mwanamichezo unajenga chapa inayodumu?

Kampuni nyingi zinapomtafuta mwanamichezo wa kuitangaza chapa huanza na swali la jina: tumchukue nani? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni aina ya mkataba, kwa sababu mwanamichezo yuleyule anaweza kukuuzia mzigo wa miezi mitatu kisha habari ikaisha, au akakuachia alama itakayoendelea kuuza miaka mingi baada ya yeye kutundika daluga. Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika zaidi: kampeni ya muda mfupi, ubalozi wa miaka kadhaa, bidhaa inayobeba jina lake, na ubia wa hisa. Zote tunazipima kwa swali moja: siku mkataba unapokwisha, chapa inabaki na nini mikononi?

Kinachoondoka na kinachobaki

Mwanamichezo huondoka na sura yake, wafuasi wake na matokeo yake ya wiki ijayo. Hivyo huwezi kuvizuia. Vinavyoweza kubaki, mkataba ukiwa umeviandika, ni nembo iliyochorwa kwa ajili yake, jina la bidhaa, umbo lake, rangi, kaulimbiu, na ile maana ambayo watu wamezoea kuiunganisha na jina lako. Utambulisho wa chapa hujengwa na hivi vya pili. Vya kwanza kazi yake ni kuvuta macho.

Mfano unaotajwa kila mara ni Air Jordan, lakini mara nyingi hutajwa kwa sababu isiyo sahihi. Nike ilimsaini Michael Jordan mwaka 1984, kabla hajacheza hata mechi moja ya NBA. Kiatu kikaingia madukani 1985 na kuuza kwa takriban dola milioni 126 mwaka wa kwanza. Hayo ni mauzo, na mauzo ya namna hiyo yangeweza kuporomoka msimu wa pili. Kilichojenga chapa kilikuja baadaye. Mwaka 1988, kwenye Air Jordan ya tatu, nembo ya mtu anayeruka akiwa na mpira mkononi ilichukua nafasi ya ile ya mpira wenye mabawa. Mwaka 1997 Nike ikaigeuza Jordan kuwa chapa inayosimama yenyewe ndani ya kampuni, ikaanza kuwasaini wanamichezo wengine chini ya nembo hiyo. Jordan aliacha kucheza moja kwa moja mwaka 2003. Katika mwaka wa fedha wa 2023, chapa hiyo iliingiza takriban dola bilioni 6.6. Kijana aliyezaliwa baada ya 2003 hajawahi kumwona Jordan akicheza mubashara, na bado anapanga foleni. Nembo ilihamishwa kutoka kwenye mwili wa mtu ikawekwa kwenye bidhaa wakati mtu huyo bado yuko kileleni, si baada ya kuondoka.

Kampeni ya muda mfupi

Hii ni ya mwezi mmoja hadi sita: posti kadhaa, video moja au mbili, picha za mabango, pengine siku moja ya kukutana na wateja. Inafaa kuzindua bidhaa, kuingia soko jipya, au kumjaribu mtu kabla ya kufunga naye mkataba mrefu. Kwa kujenga utambulisho ni dhaifu, na hakuna ubunifu wa video utakaobadilisha hilo, kwa sababu watu hawajapata muda wa kuzoea kuwaona nyinyi wawili pamoja.

Kinachokwamisha watu hapa ni haki ya matumizi. Kulipia posti si sawa na kununua video. Kama mkataba unasema siku 60, siku ya 61 unatakiwa kuishusha video hiyo kwenye kurasa zako zote, madukani na kwenye matangazo ya kulipia. Pia, kuisukuma posti kwa fedha kupitia akaunti ya mwanamichezo ni ruhusa tofauti na kuisukuma kupitia akaunti yako, kwa hiyo ziandike zote mbili. Andika vilevile posti ikae muda gani kabla hajaruhusiwa kuifuta. Na katika nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, posti ya kulipwa lazima ionekane wazi kuwa ni tangazo. Kuificha alama hiyo chini ya maneno kumi na tano hakukidhi matakwa hayo.

Kuna mtego mwingine wa kalenda. Kanuni ya 40 ya Mkataba wa Olimpiki huweka masharti juu ya matumizi ya jina, picha na matokeo ya mshiriki kwenye matangazo wakati wa Michezo. Ililegezwa mwaka 2019, lakini haijaondoka. Kampeni iliyopangwa kuanza wiki ya ufunguzi bila kuisoma kanuni hiyo huishia kusubiri Michezo iishe.

Usipime kampeni fupi kwa idadi ya waliobonyeza kupenda. Pima watu wangapi wameanza kulitafuta jina la chapa yako kwenye intaneti ukilinganisha na wiki nne za kabla, na baada ya siku saba waulize walioona tangazo: lilikuwa la nini? Wakimkumbuka mwanamichezo na kusahau bidhaa, nyota ameimeza chapa, na wewe umelipia umaarufu wake yeye.

Ubalozi wa miaka kadhaa

Mkataba wa ubalozi kwa kawaida ni wa miaka miwili hadi mitano, wenye ada ya kila mwaka, bonasi za ushindi, idadi maalumu ya siku za kazi, na upekee katika kundi la bidhaa, yaani asimtangaze mshindani wako. Hapa ndipo maana huanza kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwenye chapa, taratibu, kwa kurudiarudia.

Rolex ndiyo shule ya njia hii. Oktoba 1927, Mercedes Gleitze, mwogeleaji Mwingereza, aliingia tena kwenye Mlango wa Bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex Oyster shingoni. Baridi ilimshinda baada ya zaidi ya saa kumi, akatolewa majini kabla ya kufika. Saa ilikuwa bado inatembea vizuri. Mwezi uliofuata Rolex ikanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuieleza habari hiyo. Tazama muundo wake: ushindi wa mwogeleaji haukuhitajika, maana kilichokuwa kwenye mtihani ni ahadi ya bidhaa, kwamba maji hayaingii. Miaka ya 1960 wakaja Arnold Palmer wa gofu na Jackie Stewart wa mbio za magari, na mwaka 2006 Roger Federer wa tenisi. Wengi wao hubaki mabalozi hata baada ya kustaafu, na ujumbe haubadiliki kwa sababu ya matokeo ya Jumapili iliyopita.

Huo ndio uamuzi mgumu kwenye ubalozi: unaiambatisha chapa yako na ushindi, au na tabia? Ushindi unalipa haraka. Utafiti wa Anita Elberse na Jeroen Verleun, uliochapishwa 2012, ulikuta kwamba kusaini mwanamichezo huongeza mauzo kwa wastani wa karibu asilimia 4, kwamba kila ubingwa mkubwa huleta msukumo mpya, na kwamba nguvu ya mkataba kwenye mauzo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kwa hiyo ukitegemea ushindi peke yake, unategemea kitu ambacho hukiandai wewe. Tabia, kama uvumilivu, usahihi, ucheshi au ukaidi, haihitaji kombe kila mwaka.

Usain Bolt na Puma walionyesha yote mawili kwa pamoja. Puma ilimchukua akiwa bado kijana, kabla dunia haijamjua. Beijing 2008 alishinda mita 100 kwa sekunde 9.69, akavua kiatu chake cha dhahabu akakiinua mbele ya kamera. Kasi na utani wake viliikaa Puma, kampuni ambayo tayari nembo yake ni mnyama anayeruka. Chapa iliyojenga jina lake juu ya ukimya na heshima ingeonekana imeazima mtu wa watu wengine.

Kosa linaloua ubalozi mwingi ni la bajeti. Kampuni hulipa ada, kisha haina fedha ya kuutumia mkataba: kupiga picha, kununua nafasi za matangazo, kupeleka bidhaa madukani, kumsafirisha balozi. Kanuni ya mkononi kwenye biashara ya udhamini ni kutenga angalau kiasi sawa na ada kwa ajili ya shughuli hizo. Ukiwa na 100 jumla, tafuta mtu wa 50. Mtu wa 90 atakaa kwenye karatasi. Siku za kazi nazo zihesabu kwa ukali: siku sita kwa mwaka ni nyingi kwa mchezaji aliye kwenye ligi, na siku ya kusafiri isipotajwa, wakala wake ataihesabu kuwa siku ya kazi.

Angalia pia ana chapa ngapi nyingine. Utafiti uliochapishwa 1994 ulionyesha kwamba kadiri mtu maarufu anavyotangaza bidhaa nyingi, ndivyo watumiaji wanavyomwamini kidogo. Sisi tungeogopa kuwa chapa ya saba kwenye orodha ya mtu yeyote, hata ada iwe nafuu namna gani.

Bidhaa yenye jina lake

Hapa ndipo penye faida kubwa zaidi na ugomvi mkubwa zaidi. Mwanamichezo hupewa malipo ya chini yaliyohakikishwa, pamoja na mrabaha kwa kila kipande kinachouzwa. Hesabu yake ifanye kabla ya kukaa mezani. Tuseme bei ya jumla ni dola 40 na mrabaha asilimia 5: kila kipande kinamletea dola 2. Ukimhakikishia dola 100,000 kwa mwaka, lazima uuze vipande 50,000 ndipo mrabaha ufikie dhamana hiyo. Ukiuza 20,000, mrabaha wako halisi umekuwa dola 5 kwa kipande, yaani asilimia 12.5 ya bei ya jumla, na faida huenda imekwisha. Fafanua mrabaha unahesabiwa juu ya nini: bei ya jumla au ya rejareja, kabla au baada ya punguzo, kodi na bidhaa zilizorudishwa. Migogoro mingi ya mrabaha hutoka kwenye sentensi hiyo moja.

Lini jina kwenye bidhaa hudumu? Bidhaa inapokuwa na kitu chake yenyewe. Jiko la kuchomea nyama la George Foreman lilianza kuuzwa 1994, mwaka uleule aliporudisha ubingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 45. Bamba lake lilikuwa na mwinamo ili mafuta yachuruzike. Mtu mzima aliyeushangaza ulimwengu kwa mwili wake, na jiko linalopunguza mafuta: hakuna aliyehitaji kuelezwa uhusiano. Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilikubali kumlipa Foreman na washirika wake dola milioni 137.5, fedha taslimu na hisa, ili inunue haki ya kulitumia jina lake moja kwa moja, badala ya kuendelea kugawana nao faida. Ni fedha nyingi, ila soma kilichonunuliwa: tangu hapo jina la jiko halikuwa tena la kukodi.

Stan Smith ya Adidas inafundisha jambo tofauti. Kiatu kilitengenezwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya Robert Haillet, mchezaji tenisi wa Ufaransa. Haillet alipostaafu, Adidas ikamtafuta Stan Smith, bingwa wa Wimbledon wa 1972, na kwa muda kiatu kikawa na sura ya Smith huku kikibeba jina la Haillet. Mwaka 1978 kikabaki na jina la Smith peke yake. Kiatu ni kilekile cheupe chenye vitundu badala ya mistari mitatu ya kushonwa. Adidas ilimiliki umbo, kwa hiyo iliweza kubadilisha mtu bila kubadilisha bidhaa. Baadaye ikakiondoa sokoni kwa muda na kukirudisha 2014, na wanunuzi wengi waliokipokea hawakujua kuwa Stan Smith ni mtu.

Sasa upande wa pili. Nike ilimsaini Tiger Woods mwaka 1996 na ikaingia kwenye vifaa vya gofu. Agosti 2016 ikatangaza kuacha kutengeneza vijiti, mipira na mifuko ya gofu, ingawa Woods alikuwa bado wa kwao. Mchezaji bora wa kizazi chake hakuweza kuwafanya wacheza gofu waamini vijiti ambavyo hawakuviona bora kuliko walivyonavyo. Ukiona bidhaa yako haitofautiani na ya jirani, jina la mtu litakupa msimu mmoja au miwili tu.

Na nembo ni ya nani? Federer aliondoka Nike mwaka 2018 akajiunga na Uniqlo, akaingia Wimbledon mwaka huo bila nembo ya RF, herufi za jina lake, kifuani, kwa sababu Nike ndiyo iliyokuwa na haki zake. Aliipata 2020. Kwa miaka hiyo miwili alama ambayo mashabiki walikuwa wameivaa kofiani haikumnufaisha yeyote. Stephen Curry wa mpira wa kikapu ni kinyume chake: Under Armour ilimjengea Curry Brand kuanzia 2020, na walipotangaza kuachana Novemba 2025, Curry aliondoka na chapa hiyo. Herufi za jina la mtu kwa kawaida atazitaka yeye, na ana hoja. Chora basi alama mbili tangu mwanzo: moja yenye herufi zake, irudi kwake mkataba ukiisha, na nyingine isiyotegemea jina lake, iwe mchoro, umbo la soli au jina la teknolojia, isajiliwe kwa jina lako katika kila nchi unakouza. Kisha bidhaa zote zibebe hiyo ya pili hata zile zisizo zake.

Hisa na umiliki

Njia hii inazifaa kampuni changa zenye fedha kidogo na matarajio makubwa. Federer aliingia On, kampuni ya viatu ya Uswisi, mwaka 2019 kama mwekezaji, akashiriki kubuni viatu, na Septemba 2021 On ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la New York. Alikuwa na sababu ya kuzungumzia viatu hivyo hata bila kamera.

Hisa zisitolewe zote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka ni kuzitoa kwa awamu katika miaka minne, na asipate kitu akiondoka kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Andika nini kinatokea akifungiwa kwa dawa zilizopigwa marufuku michezoni: hisa ambazo hazijatolewa zinapotea, na zile alizokwisha kupata unaweza kuzinunua kwa bei gani? Usipoandika, utajikuta umemwondoa kwenye matangazo lakini bado yumo kwenye daftari la wanahisa, na kila mwekezaji mpya atauliza.

Ukomo wa njia hii ni mwanamichezo kuwa mwanzilishi mwenyewe. René Lacoste, bingwa wa tenisi wa miaka ya 1920, alianzisha kampuni ya fulana na André Gillier mwaka 1933. Mamba aliyekuwa lakabu yake uwanjani akawa nembo. Leo wengi wanamjua mamba, wachache wanamjua mchezaji. Allyson Felix, mwanariadha wa Marekani, naye alianzisha chapa ya viatu, Saysh, mwaka 2021, akashindana kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa amevaa viatu vyake mwenyewe.

Kwa mkato

| | Kampeni fupi | Ubalozi | Bidhaa yenye jina | Hisa |
|---|---|---|---|---|
| Muda | mwezi 1 hadi 6 | miaka 2 hadi 5 | miaka 5 na zaidi | hauna mwisho wazi |
| Malipo | ada moja | ada ya mwaka na bonasi | dhamana na mrabaha | hisa kwa awamu |
| Kinachobaki | mauzo ya msimu | maana iliyozoeleka | bidhaa, na nembo kama ni yako | mmiliki mwenza |
| Hatari kuu | kusahaulika | kashfa | ugomvi wa jina | kushindwa kuachana |
| Inamfaa | anayezindua | mwenye ujumbe tayari | mwenye bidhaa ya pekee | kampuni changa |

Mahali mikataba inapovunjikia

Kwanza, wadhamini kugongana. Mwaka 2012 Ronaldinho alikuwa na mkataba na Coca-Cola. Klabu yake, Atlético Mineiro, ilidhaminiwa na Pepsi. Alipoketi kwenye mkutano na waandishi wa habari, mbele yake kulikuwa na makopo ya Pepsi, na Coca-Cola ikausitisha mkataba. Hakufanya fujo yoyote. Meza ilikuwa ya klabu. Kabla ya kusaini, tengeneza karatasi yenye safu tano: klabu, timu ya taifa, shirikisho, ligi, mashindano makubwa. Kwa kila safu andika mdhamini wa kundi lako la bidhaa na tarehe mkataba wake unapoisha. Kisha jiulize mwanamichezo anaweza kuonekana na bidhaa yako wapi hasa. Wakati mwingine jibu ni nyumbani kwake na mazoezini tu, na bei ishuke kulingana na hilo.

Pili, kashfa. Watafiti Christopher Knittel na Victor Stango walikokotoa kwamba kampuni zilizomdhamini Tiger Woods zilipoteza zaidi ya asilimia 2 ya thamani yao sokoni katika siku 10 hadi 15 za biashara baada ya kashfa yake ya usaliti wa ndoa ya Novemba 2009. Accenture, kampuni ya ushauri wa biashara, na AT&T ziliondoka; Nike ilibaki naye hadi Januari 2024. Kwa Lance Armstrong, mwendesha baiskeli aliyenaswa kwenye kashfa ya dawa zilizopigwa marufuku, hapakuwa na subira: Oktoba 17, 2012 Nike, Trek na Anheuser-Busch zote zilijitenga naye. Maria Sharapova wa tenisi alipotangaza Machi 2016 kuwa vipimo vimemkuta na meldonium, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, Nike ilisimamisha uhusiano kwa muda, TAG Heuer ikaacha kuongeza mkataba, na Head, watengenezaji wa raketi yake, wakasimama naye. Tofauti hizi zinatokana na kile chapa ilichokuwa imekiuza kupitia kwake. Accenture ilikuwa inauza uamuzi wa busara, na haikuwa na kingine cha kushika.

Kifungu cha maadili kiandikwe kwa ngazi, kisiwe swichi moja. Ngazi ya kwanza: tuhuma rasmi, unasimamisha matangazo na ada kwa siku 60 hadi 90. Ya pili: kufungiwa au kukiri kosa, ada inapungua kwa kiwango kilichotajwa. Ya tatu: hukumu au kufungiwa kwa zaidi ya muda fulani, mkataba unakufa na bonasi zinarudishwa. Usikubali maneno kama "mwenendo usiofaa" bila mifano, kwa maana wanasheria wake watayafanya yasimaanishe chochote. Wakala mzuri atadai kifungu cha kumlinda mteja wake dhidi ya kashfa za kampuni yako pia. Mpe.

Maneno ya tangazo nayo yana hatari yake. Nike ililiondoa haraka tangazo lililomfananisha mwanariadha Oscar Pistorius na risasi iliyo tayari kwenye chemba, baada ya yeye kukamatwa Februari 2013 kwa kumpiga mpenzi wake risasi. Jeuri na silaha kwenye kaulimbiu ya kudumu ni deni ambalo hujui litadaiwa lini.

Tatu, kifungu cha kupunguza ada. Kampuni hupenda kukata malipo mwanamichezo asiposhiriki idadi fulani ya mashindano. Mwaka 2019 Felix alieleza hadharani jinsi suala la ulinzi wa malipo wakati wa uzazi lilivyokwamisha mazungumzo yake na Nike. Baadaye mwaka huo Nike ikabadilisha sera ili malipo yasikatwe kwa miezi 18 inayozunguka ujauzito. Felix alikuwa ameshahamia Athleta, kampuni ya mavazi ya michezo ya wanawake. Kama chapa yako inauza ujumbe wa kuwainua wanawake, kifungu hiki kikivuja kitakuwa tangazo lako kubwa zaidi mwaka huo. Kipitie kabla ya kupitia kaulimbiu.

Nne, bidhaa yenyewe. Februari 2019 kiatu cha Nike cha Zion Williamson, mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo, kilipasuka ndani ya dakika ya kwanza ya mechi ya vyuo vikuu vya Duke na North Carolina, akaumia goti, na kila kamera ikaona. Kifaa anachokitumia nyota uwanjani kipimwe kwa uzito, nguvu na mwendo wake, na jozi au seti zibadilishwe kwa ratiba, asiachiwe yeye aamue.

Uchague nini

Kama bidhaa ina chini ya mwaka sokoni na hujajua mteja wako ni nani, chukua kampeni fupi na watu wawili au watatu wa kiwango cha kati badala ya nyota mmoja, kisha angalia ni nani anayeacha watu wakilikumbuka jina lako. Huyo mpe ubalozi wa miaka miwili wenye haki yako ya kuongeza mmoja.

Kama chapa ina miaka kadhaa na ujumbe wake unaweza kusemwa kwa sentensi moja, nenda kwenye ubalozi, na umtafute mtu ambaye sentensi hiyo ingemhusu hata asingekuwa na medali. Bidhaa yenye jina iache hadi uwe na kitu ambacho mshindani hawezi kukiiga ndani ya miezi sita, na uwezo wa kukitengeneza kwa angalau matoleo matatu mfululizo, kwa kuwa toleo moja halijengi mazoea. Hisa zipe kwa mtu mmoja tu, ambaye ungemtaka mezani hata angekuwa ameumia na hachezi.

Njia yoyote utakayoichagua, rasimu ya kwanza iwe tayari na ukurasa wa kuachana: siku 90 hadi 180 za kumaliza mzigo uliobaki, nani anabaki na nembo ipi, kama picha za zamani zinaweza kutumika kwenye kumbukumbu za chapa, na haki ya kulinganisha ofa ya mshindani, yaani kumbakiza kwa kufikia dau hilo, pamoja na idadi ya siku za kujibu. Mazungumzo ya kuongeza mkataba yaanze miezi 12 kabla haujaisha, na mwenye kuamua awe ameketi na takwimu za mauzo na za watu wanaoikumbuka chapa. Mwaka 2013 Nike ilikuwa na haki hiyo ya kulinganisha ofa kwa Stephen Curry, ikaamua kutofikia dau la Under Armour, ambalo lilikuwa chini ya dola milioni 4 kwa mwaka.